Chuo Kisichotoza Ada: Berea na Ahadi Zake Mbili

Ukitoka Lexington kuelekea kusini, jimboni Kentucky, tambarare za malisho ya farasi huanza kujikunja zikawa vilima, na vilima vikapanda vikawa milima ya Appalachia. Pale zinapokutana nchi mbili hizo ndipo ulipo mji mdogo wa Berea na chuo chenye jina hilohilo. Wanafunzi wake ni 1,500 na ushei. Wanasoma fizikia, fasihi, muziki, falsafa, kilimo, uuguzi. Ni chuo cha aina ambayo Wamarekani wameizoea tangu zamani: kidogo, cha shahada ya kwanza tu, kinachomtaka kijana aonje kila elimu kabla ya kuzama katika moja. Vyuo vya namna hiyo mara nyingi huwa vya watoto wa wenye nacho. Berea inafanya kinyume: mtoto wa tajiri hapokelewi.

Tangu mwaka 1892 chuo hicho hakijamtoza mwanafunzi ada ya masomo. Kila mmoja hupangiwa kazi, awe anasomea hisabati au uchoraji, na kazi hiyo humhesabia kama masomo yenyewe. Sifa hii ndiyo inayotangazwa sana, na inastahili. Lakini waasisi waliweka ahadi mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba watu wa rangi zote ni damu moja na watasoma katika darasa moja. Ya pili, kwamba maskini atalipia elimu kwa mikono yake. Ahadi ya pili imetimizwa mpaka ikakifanya chuo kuwa tajiri. Ya kwanza ilivunjika kwa miaka 46, na mtu akichunguza vizuri ataona kwamba fedha za ile ya pili zilikuwa na mkono katika kuvunjika huko.

Ekari kumi za Clay, 1854–1859

John Gregg Fee alizaliwa 1816 kaskazini mwa Kentucky, katika nyumba ya mwenye watumwa. Alikwenda kusomea uchungaji katika seminari ya Lane, Cincinnati, ng'ambo ya mto Ohio, na huko akaamini kwamba utumwa ni dhambi isiyo na udhuru. Baba yake akamkana. Fee alimnunua kutoka kwa baba huyohuyo mwanamke aliyeitwa Julett Miles ili amwache huru. Mwaka 1858 mama huyo alirudi kuwachukua watoto na wajukuu wake waliokuwa bado utumwani, akakamatwa pamoja nao kabla hawajavuka kwenda Ohio. Alifungwa katika gereza la Frankfort na akafia humo. Kwa hiyo Fee hakuuchukia utumwa kwa kuusoma vitabuni tu.

Aliyempa mahali pa kukaa ni Cassius Marcellus Clay, tajiri wa wilaya ya Madison aliyekuwa anapinga utumwa kwa bastola na kisu kiunoni. (Jina lake lilirithiwa na watu wengi wa Kentucky, akiwamo fundi mmoja wa kuchora mabango wa Louisville, naye akampa mwanawe. Mwana huyo dunia ilikuja kumjua kama Muhammad Ali.) Mwaka 1854 Clay alimpa Fee ekari kumi. Fee akapaita mahali hapo Berea, kwa kuufuata mji wa Beroya wa Matendo ya Mitume, ambao watu wake walilipokea neno kwa moyo wa kuchunguza. Mwaka 1855 ikasimama shule ya chumba kimoja, iliyogeuka kanisa kila Jumapili.

Urafiki wa watu hawa wawili haukudumu. Clay alitaka utumwa uondolewe hatua kwa hatua, kwa njia za sheria. Fee aliona kwamba sheria inayomrudisha mtumwa mtoro kwa bwana wake haistahili kutiiwa. Tarehe 4 Julai 1856, katika mkutano wa sikukuu ya uhuru, walipingana hadharani, na Clay akauondoa ulinzi wake. Tangu siku hiyo Fee alibaki peke yake katikati ya majirani wenye bunduki.

Hata hivyo kazi iliendelea. Mwalimu John A. R. Rogers na mkewe Elizabeth walifika 1858, na mwaka 1859 katiba ya chuo ikaandikwa. Ilitaja nafasi za kazi kwa wanafunzi wasio na fedha, na haikuweka kizuizi cha rangi. Katika jimbo la watumwa, katiba hiyo ilikuwa uchokozi.

Oktoba mwaka huo John Brown alivamia ghala la silaha la Harpers Ferry akitaka kuwaasisha watumwa. Fee alikuwa Brooklyn akichangisha fedha, na katika mahubiri akasema kwamba wanahitajika watu wengi wenye moyo wa kujitoa kama wa Brown, si wenye mbinu zake. Magazeti ya Kentucky yalikichukua kipande cha kwanza yakakiacha cha pili. Desemba 23 wanaume wenye silaha wapatao sitini wakaingia Berea kwa farasi, nyumba hadi nyumba, wakitoa siku kumi kwa walimu na familia zao kuondoka jimboni. Gavana aliombwa ulinzi, akakataa. Wakavuka kwenda Cincinnati.

Kambi ya Nelson

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, Fee hakurudi moja kwa moja Berea. Alikwenda Camp Nelson, kambi ya jeshi la serikali iliyogeuka kituo kikubwa cha kuandikisha askari Weusi wa Kentucky. Wanaume walijiunga na jeshi ili wapate uhuru, wakaja na wake na watoto ambao kisheria walikuwa bado watumwa. Novemba 1864, katika baridi kali, kamanda aliamuru familia hizo zifukuzwe na vibanda vyao vibomolewe. Watu wapatao mia moja walikufa. Kelele zilizopigwa baada ya hapo zilisaidia kulisukuma Bunge la Marekani, Machi 1865, kuwapa uhuru wake na watoto wa askari.

Kambini Fee alifundisha kusoma, alihubiri, na aliwaambia askari kwamba vita vikiisha kuna mahali pao milimani. Nadhani hapa ndipo Berea ilipozaliwa hasa, kuliko katika zile ekari kumi. Bila askari hao, chuo kingekuwa na katiba nzuri isiyo na wanafunzi wa kuitumia.

Nusu kwa nusu, 1866–1892

Shule ilifunguliwa tena mapema 1866. Wanafunzi wa kwanza Weusi walipoingia darasani, Wazungu kadhaa waliinuka wakatoka. Hawakubembelezwa. Baadhi walirejea wenyewe, kwa kuwa eneo lile halikuwa na shule nyingine ya maana. Mwaka wa masomo wa 1866–67 ulikuwa na wanafunzi 187: Weusi 96 na Wazungu 91.

Wengi walikuwa bado wanajifunza alfabeti. Angus Burleigh, aliyekuwa sajini katika jeshi, aliletwa na Fee kutoka Camp Nelson akahitimu shahada 1875, miaka miwili tu baada ya shahada za kwanza za chuo. Julia Britton, baadaye Bi Hooks, alisoma hapo na kufundisha piano, na wanafunzi wake walikuwamo Wazungu. Mwanamke Mweusi kumsahihisha Mzungu, Kentucky, miaka ya 1870! Mjini nako viwanja viligawiwa kwa mchanganyiko, familia ya Wazungu jirani na ya Weusi, ili wasikutane darasani tu kisha kila kundi likaenda mtaa wake.

Mkuu wa kwanza, Edward Henry Fairchild, alitoka Oberlin, Ohio, chuo kingine kilichotangulia kuwapokea Weusi. Katika miaka yake ishirini, 1869 hadi 1889, wadhamini walifika mbali kiasi cha kutowakataza vijana wa rangi mbili kuchumbiana. Majengo yalikuwa machache na maisha yalikuwa ya kengele: kuamka, sala, darasa, kuchanja kuni, darasa tena. Tumbaku na pombe marufuku. Wengi walikaa muhula mmoja, wakarudi kwao kufundisha ili wapate fedha ya muhula mwingine. James Bond, aliyezaliwa utumwani, inasimuliwa katika ukoo wake kwamba alifika akiwa anamkokota ndama kwa kamba, na ndama huyo ndiye aliyekuwa malipo yake. Alihitimu 1892.

Frost aivumbua Appalachia, 1892–1904

Mwaka huohuo alikuja mkuu mpya, William Goodell Frost, aliyekaa hadi 1920. Alikuta chuo kinachoheshimika na sanduku tupu. Wafadhili wa kizazi cha wapinga utumwa walikuwa wanakufa mmoja mmoja, na watoto wao hawakuwa na hamu tena ya kusikia habari za mahuru.

Frost alikuwa na jicho la mwenye kujua kinachouzika. Alipanda milimani kwa farasi, akaona vibanda vya magogo, wanawake wakifuma mablanketi ya sufu kwa vitanda vya mfumi vya bibi zao, wazee wakiimba tenzi za Uingereza ya kale. Mwaka 1899 aliandika katika jarida la *The Atlantic Monthly* makala iliyowaita watu hawa mababu zetu wanaoishi zama zetu. Wasomaji wa Boston na New York waliipenda. Hapa kulikuwa na maskini Mzungu, mzalendo, aliyepigana upande wa Lincoln, asiye na kosa ila kusahauliwa. Fedha zikaja.

Kufuta ada ya masomo kulianza wakati huu, na mablanketi ya milimani yakawa biashara: mwanamke alileta kazi yake ya mkono, chuo kikaiuza kaskazini, na mwanawe akasoma. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Lakini kila mwaka hotuba za kuomba msaada zilizungumzia milima zaidi na damu moja kidogo, na wanafunzi walioitikia wito walikuwa wa milimani. Kufikia 1904 Wazungu walikuwa zaidi ya 750, Weusi kama 170. Mabweni na meza za chakula zikaanza kutenganishwa, na ruhusa ya zamani ya uchumba ikafutwa. Fee, mzee sasa, alilalamika waziwazi kwamba chuo kinamwacha Mweusi. Alifariki Januari 1901. Miongoni mwa wanafunzi Weusi wa mwisho kupata shahada ni Carter G. Woodson, 1903, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, ambaye 1926 alianzisha juma la historia ya Weusi lililokuja kuwa mwezi mzima.

Sheria ya Day

Januari 1904 mbunge wa milimani, Carl Day, aliwasilisha katika bunge la Kentucky muswada wa kukataza Weusi na Wazungu kusoma pamoja, hata katika shule ya binafsi. Jimboni kote chuo kilichofanya hivyo kilikuwa kimoja. Faini ilikuwa dola 1,000 kwa chuo, na kama chuo kingetaka tawi la Weusi, liwe mbali si chini ya maili 25. Muswada ulipita kwa kura nyingi.

Berea ilishtakiwa, ikatozwa faini, ikakata rufaa. Novemba 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi yake kwa hoja iliyokwepa kiini: chuo ni shirika lililoundwa kwa idhini ya jimbo, basi jimbo laweza kubadilisha masharti ya idhini hiyo. Aliyepinga kwa maneno makali ni Jaji John Marshall Harlan, mwana wa Kentucky kutoka ukoo uliomiliki watumwa, yuleyule aliyebaki peke yake katika kesi ya Plessy ya 1896, iliyohalalisha kuwatenga watu kwa rangi. Aliuliza kama jimbo likiweza hili, kesho litashindwa nini kuwazuia watu wa rangi mbili kusali kanisa moja.

Chuo hakikusubiri hukumu ndipo kichague. Kilipotakiwa kubaki na kundi moja, kilibaki na Wazungu. Weusi walilipiwa nauli wakapelekwa katika vyuo vya Weusi vya Fisk, Hampton na kwingineko. Baadhi yao waliandika barua ya kuwaaga wenzao Wazungu kwa upole ambao mtu wa leo anausoma kwa uchungu. Kisha zikachangwa dola 400,000, nusu zikiahidiwa na Andrew Carnegie, na James Bond yule wa ndama akiwa mmoja wa wachangishaji, kujenga Lincoln Institute karibu na Simpsonville. Ilifunguliwa 1912. Haikuwa chuo kikuu. Ilikuwa sekondari yenye mafunzo ya ufundi. Wazungu wakabaki na Kilatini na maabara, Weusi wakapewa useremala. Hata hivyo mwalimu Whitney Young, Mweusi wa kwanza kuiongoza, alifundisha zaidi ya ilivyotarajiwa, na mwanawe aliyezaliwa katika uwanja wa shule hiyo akawa kiongozi wa Urban League, shirika la kutetea haki za Weusi, enzi za Martin Luther King.

Uamuzi wa kubaki na Wazungu unatetewa na wengine kwa hesabu ya wingi: Wazungu walikuwa wengi zaidi na wadhamini hawakuwa na nguvu ya kushindana na jimbo. Hoja ina uzito. Lakini nusu kwa nusu ya Fairchild ingefanya hesabu hiyo iwe ngumu kweli. Moja kwa nne ya Frost iliifanya iwe rahisi.

Mafagio, mikate na wakfu, 1902–1950

Kanisa la zamani la chuo liliungua 1902. Bi Olivia Phelps Stokes wa New York alitoa fedha za jipya kwa sharti kwamba wanafunzi walijenge wenyewe. Walifyatua matofali, wakakata mbao, wakajenga, na 1906 jengo likafunguliwa. Jina la ukoo huo lilifika mpaka kwetu Afrika Mashariki. Dada yake Olivia, Caroline, aliacha wasia uliozaa Mfuko wa Phelps-Stokes mwaka 1911, na mwaka 1924 tume ya mfuko huo, akiwamo James Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikipendekeza elimu ya kilimo, afya na ufundi kwa Waafrika. Shule ya Jeanes ya Kabete, iliyoanza 1925, ni tunda la safari hiyo. Mfano wa tume ulikuwa vyuo vya Weusi vya Hampton na Tuskegee kuliko Berea, lakini imani ilikuwa ya ukoo mmoja: mkono wa maskini ufundishwe kazi. Tofauti ni hapa. Pale Berea kazi ya mkono ilimlipia mlalahoi Kilatini. Huku kwetu mara nyingi ilitumiwa kuwa sababu ya kumnyima.

Chini ya mkuu aliyemfuata Frost, William Hutchins, na baada yake mwanawe Francis kuanzia 1939, maisha ya chuo yalipata sura inayotambulika hadi leo. Kila mwanafunzi alikuwa na idara ya kazi. Walioka mikate, walikamua ng'ombe, walichapa vitabu, walifua nguo za wenzao. Karakana ya mafagio, iliyoanza 1920, ilitumia mabua ya mtama wa fagio yaliyofungwa kwa mkono, na bado ipo. Ufumaji uliongozwa na Anna Ernberg, mwanamke kutoka Sweden aliyebuni vitanda vya mfumi vidogo vinavyoingia katika nyumba ya kawaida. Hoteli ya chuo, Boone Tavern, ilijengwa 1909 kwa sababu mke wa Frost alichoka kupokea mamia ya wageni nyumbani kwake wakati wa kiangazi. Wahudumu wake walikuwa wanafunzi. Na kila Oktoba, majani yanapogeuka mekundu, masomo yalisimama siku moja, chuo kizima kikapanda mlima wa Indian Fort katika msitu wake. Desturi hiyo haijakoma.

Kazi ya wanafunzi peke yake isingeweza kulipia chuo. Anayedhani mafagio ndiyo yaliyofuta ada anadanganywa na matangazo. Siri ni uamuzi mkavu wa wadhamini wa mwaka 1920: urithi wowote utakaoachiwa chuo bila masharti usitumike, uingie katika wakfu, na faida tu ndiyo itumike. Kwa miaka mia moja vibibi na vibabu wa Amerika, wengi wao wakiwa hawajakanyaga Kentucky, waliikumbuka Berea katika wasia. Wakfu huo sasa umezidi dola bilioni moja.

Mlango wafunguliwa, 1950 na baadaye

Mwaka 1950 bunge la Kentucky lililegeza Sheria ya Day kwa vyuo vikuu, na Berea ikawapokea Weusi mara moja. Walikuja wachache mno. Chuo kilikuwa kimejifunga kuchukua vijana wa milima ya Appalachia kwa sehemu kubwa, na milimani Weusi hawakuwa wengi. Mpaka ule uliochorwa kwa ajili ya fedha uliendelea kubagua hata sheria ilipoacha. Jessie Zander, binti wa Appalachia ya Virginia, alihitimu 1954 akiwa Mweusi wa kwanza tangu kufungiwa. Machi 1965 kundi la wanafunzi na walimu lilisafiri hadi Alabama kuungana na maandamano ya Montgomery, wakati uongozi wa chuo ukisita. Vijana hao walikuwa wamesoma kauli ya Paulo kuhusu damu moja iliyoandikwa katika nembo ya chuo wakaitaka ifuatwe.

Idadi ilipanda polepole, kwa kutafuta wanafunzi nje ya milima na kwa sehemu fulani ya nafasi kupewa vijana wa nchi za nje. Mwaka 2004 mwandishi bell hooks, binti wa Hopkinsville, Kentucky, alirudi jimboni kwake kufundisha Berea, akaishi mjini humo hadi alipofariki Desemba 2021.

Kipimo cha kuingia kimebaki kuwa umaskini. Mwanafunzi hufanya kazi kwa saa zisizopungua kumi kwa wiki, analipwa ujira mdogo, na msimamizi wake humpa tathmini kama mwalimu atoavyo alama. Kazi zenyewe zimebadilika: leo wengi wako kwenye kompyuta, maabara na maktaba kuliko zizini.

Mwishoni mwa 2017 Bunge la Marekani lilipitisha kodi ya asilimia 1.4 juu ya faida ya wakfu wa vyuo tajiri vya binafsi, vile vilivyokuwa na wanafunzi wasiopungua 500 na wakfu usiopungua dola 500,000 kwa kila mwanafunzi. Berea ikajikuta katika mkumbo mmoja na Harvard. Seneta Mitch McConnell wa Kentucky alikuwa amejaribu kuiokoa kwa kuongeza maneno machache, lakini yalifutwa kwa sababu ya kanuni za Seneti. Februari 2018 yakarudishwa kupitia sheria nyingine: waliopaswa kuhesabiwa katika wale 500 walikuwa wanafunzi wanaolipa ada. Harvard ilikuwa na maelfu. Berea haikuwa na hata mmoja.